Ukitaka Kujua Kuuliza, Mtazame Marehemu Peter Falk

Vijana wanaoletwa ofisini kwetu kujifunza kazi hutarajia niwape kitabu. Kazi yetu ni kukagua mizigo iliyoharibika au kupungua ikipitia bandari ya Mombasa: mchele ulioloa, vigae vilivyovunjika, katoni za mafuta ya kupikia zilizofika nusu. Kampuni ya bima inataka kujua kimetokea nini, wapi, na mzigo ulikuwa mikononi mwa nani, kabla haijatoa hata senti. Vitabu vipo na watavisoma. Lakini wiki ya kwanza nawapa kazi ambayo wengi hudhani ni mzaha: nendeni mkamtazame Columbo, yule luteni wa polisi, mpelelezi wa kwenye televisheni ya Marekani. Mkirudi mniambie yule bwana aliuliza nini, na kwa nini aliuliza kwa mpangilio ule.

Wengi hawajawahi kumsikia. Peter Falk, aliyemwigiza, alifariki tarehe 23 Juni 2011 huko Beverly Hills, Marekani, akiwa na miaka 83, na vijana hawa wakati huo walikuwa bado wanavaa kaptura za shule ya msingi. Basi inabidi niwasimulie. Nimechoka kurudia, ndiyo maana leo nimeamua kuandika.

Sisi tulimjua kwa kanda za video. Ami yangu alikuwa baharia, na kila meli yake ilipofunga Kilindini alishuka na mfuko wa kanda ambazo jamaa zake wa Uingereza walimrekodia kwenye televisheni zao. Nyumbani kwetu Kibokoni ndiko kulikokuwa na deki, kwa hiyo jioni hizo mtaa mzima ulikumbuka kuwa ni ndugu zetu. Watu walitaka filamu za ngumi na za Kihindi. Columbo aliwekwa mwishoni, watoto wa jirani wakishaitwa makwao, na tukabaki ami, mama, mimi na bibi.

Bibi hakujua Kiingereza. Alikuwa akiitoa mbuzi yake jikoni makusudi, akakaa nayo mlangoni mwa sebule akikuna nazi ya kesho huku macho yako kwenye televisheni. Na alielewa kila kitu, kunishinda mimi niliyekuwa nafundishwa lugha hiyo shuleni. Sababu ni namna hadithi zile zilivyopangwa. Waliomtunga Columbo, Richard Levinson na William Link, walianzia mwisho. Hadithi nyingi za upelelezi hukusubirisha mpaka dakika za mwisho ndipo umjue muuaji. Humu unamwona tangu mwanzo: unaona alivyopanga, alivyofuta alama za vidole, alivyojitengenezea ushahidi kuwa saa ile alikuwa kwingine. Ndipo anapoingia mtu mfupi, koti limekunjamana, nywele timtim, anatafuta pa kuwekea jivu la sigara yake nene. Hakuna cha kubahatisha tena. Kilichobaki ni kuwatazama watu wawili wakizungumza, mmoja wao akiamini amekwisha kumpiku mwenzake, na hilo halihitaji kamusi.

"Keshamjua," bibi alikuwa akisema, luteni hata hajamaliza kujitambulisha. "Mtazame anavyojikuna kichwa. Keshamjua huyo."

Alimpa jina, Bwana Koti. Na Bwana Koti alipoaga, akafika mlangoni, akasita, kisha akageuka na kidole hewani, mbuzi ilinyamaza. Ami aliyekuwa ameanza kukoroma aliinuka. Jambo moja tu, bwana, dogo tu, linanisumbua. Na muuaji, aliyekuwa ameshashusha pumzi, inambidi avae tabasamu upya.

Mtindo ule wa kurudi mlangoni ulianza kwa uvivu. Link mwenyewe alieleza kuwa, kabla Falk hajapewa nafasi ya Columbo, yeye na Levinson walikuwa wakiandika mchezo wa jukwaani, wakagundua onyesho moja limekuwa fupi na luteni ameshatoka. Enzi hizo ni mashine ya taipu. Kulipiga upya onyesho zima waliona tabu, basi wakamrudisha mlangoni aseme amesahau jambo moja. Ikawa ndiyo alama yake kwa miaka yote iliyofuata.

Sasa ushauri wa kwanza uko hapo hapo, na nautoa kwa mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuuliza, awe mwandishi wa habari, muuguzi, afisa wa mikopo au mzazi aliyeitwa shuleni. Swali lako zuri usilianze nalo. Mtu ukimkalisha kitini na daftari limefunguliwa, anakuwa amejifunga mkanda. Majibu yake ameyapanga tangu asubuhi. Ukishafunga daftari, ukasimama, ukamshukuru na ukaulizia njia ya kutokea, anarudi kuwa mtu wa kawaida. Hapo ndipo uliulize lile dogo. Na liwe dogo kweli, la kitu kinachoonekana na kushikika: funguo, risiti, saa ya ukutani, kiatu. Nimeona vijana wangu wakigeuka mlangoni na kuuliza, "Kwa hiyo nani aliiba?" Hilo ni la polisi wa kwenye sinema mbaya. Columbo angeuliza nani huwa anazima taa.

La pili ni gumu zaidi kulieleza, maana linahusu tabia. Watu wengi wanaomkumbuka Columbo husema alijifanya mjinga. Mimi sikubaliani nao, au niseme nakubaliana nusu. Mtazame vizuri. Anapoingia katika jumba la tajiri akasema hajawahi kuona nyumba nzuri namna ile, ni kweli hajawahi. Anapouliza viatu vile vimenunuliwa wapi na kwa bei gani, anataka kujua. Anapomtaja mke wake, ambaye hatukumwona hata mara moja akiwa na mumewe kwenye skrini, anamtaja kwa mapenzi. Ujinga wake wa uongo ni kiasi kidogo tu, nao umefunikwa na udadisi wa kweli. Ndiyo maana haukukera kwa vipindi vyote 69, kuanzia filamu ya kwanza ya 1968, mfululizo wa 1971 hadi 1978, na tena 1989 mpaka ule wa mwisho wa 2003. Angekuwa anaigiza unyenyekevu mtupu, bibi angemchoka mapema. Alikuwa na pua kali ya kunusa mnafiki.

Na nadhani udadisi huo ulikuwa wa Falk mwenyewe. Maisha yake hayakuwa ya mtu aliyetayarishwa kuwa nyota. Alizaliwa New York tarehe 16 Septemba 1927. Akiwa na miaka mitatu alitolewa jicho la kulia kwa sababu ya saratani, na tangu hapo aliishi na jicho la kioo. Ule mtazamo wake wa kukunja uso uliotokana nalo ndio watu wakaja kudhani ni usanii. Alipenda kusimulia kuwa akiwa shuleni, katika mchezo wa besiboli, refa alimtoa kwa makosa, naye kwa hasira akalichomoa lile jicho na kumkabidhi refa alitumie. Jeshi halikumtaka kwa sababu ya jicho, basi akaingia katika meli za biashara akiwa mpishi. Habari hii ilimfikia ami kwa kuchelewa na ilimfurahisha kupita kiasi. Kuanzia hapo hakumwita tena Columbo wala Falk. Alimwita "mwenzetu".

Baada ya bahari alirudi kusoma, akapata shahada ya uzamili ya utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1953. Aliomba kazi shirika la ujasusi la CIA, hakupata. Akaishia kuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford, na jioni akiigiza na kikundi cha wapenzi wa maigizo. Kila wiki aliendesha gari hadi Westport kuhudhuria darasa la mwigizaji mkubwa wa jukwaa, Eva Le Gallienne, ambalo lilikuwa la waigizaji wa kulipwa, na kila wiki alichelewa. Siku moja mama yule akamuuliza kwa nini. Ikabidi aseme ukweli kuwa anatoka Hartford kazini, na kuwa yeye si mwigizaji wa kulipwa. Mama akamjibu kwamba basi ilimpasa awe. Falk akarudi na kuacha kazi. Alikuwa anakaribia miaka 30.

Hili nalisema hasa kwa wale wanaoniandikia kuwa wana miaka 27 na wamechelewa. Wamechelewa nini? Huyu bwana alipofika Hollywood mkuu wa studio moja kubwa alimkataa akisema kwa bei ile ile anaweza kupata mwigizaji mwenye macho mawili. Akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara mbili mfululizo, kwa filamu za 1960 na 1961. Hata uluteni wenyewe haukuwa wake tangu mwanzo. Waigizaji wengine walishamwigiza Columbo, mmoja kwenye televisheni na mwingine jukwaani, na ilipotafutwa sura ya filamu ya 1968 mwimbaji Bing Crosby ndiye aliyefikiriwa kabla yake, akakataa. Falk alipewa akiwa na miaka 40, na nafasi hiyo ikampa tuzo nne kati ya tano zake za Emmy.

Akaijaza vitu vyake. Koti lile lilikuwa lake mwenyewe, alilonunua New York siku moja ya mvua. Gari alilichagua katika maegesho ya studio: Peugeot 403 ya 1959, ya kufunguka paa, rangi imechujuka. Hapa kwetu jambo hili lilizua mjadala. Peugeot kwa mtu wa Kenya ilikuwa gari la heshima. 404 ilishinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 60, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Ami hakuelewa vipi Mmarekani ana Peugeot halafu watu wanamcheka. Alilichukulia kuwa ni tusi kwa gari.

Kitu kingine wenzake walichokisimulia ni kuwa Falk alipenda kuongeza mambo yasiyokuwa kwenye maandishi. Katikati ya mazungumzo angeanza kupekua mifuko kutafuta penseli, atoe karatasi ya mahitaji ya dukani, aulize jambo lisilohusika, mpaka yule anayeigiza muuaji avurugike kweli, na kamera imnase akivurugika. Mimi nimelichukua hilo la penseli. Ninapokwenda kukagua mzigo huomba kalamu kwa mwenyeji. Yangu huwa ninayo. Lakini mtu akishakuazima kalamu amekutendea wema, na ni vigumu kuendelea kumkunjia uso mtu uliyemtendea wema.

Koti langu ni buibui. Nasema hivi bila kulalamika. Mwanamke wa Kibokoni akiingia kwenye godauni la Shimanzi na buibui lake na viatu vya chuma, watu hudhani amekuja kuuza mahamri au kumtafutia mwanawe kibarua. Vijana wa kike ofisini huniuliza wafanyeje ili wachukuliwe kwa uzito tangu wanapoingia. Jawabu langu huwaudhi: msiharakie. Saa ya kwanza ambayo hakuna anayekujali ni mali. Watu wanaendelea kuzungumza mbele yako, hawafichi kitu, hawapangi upya magunia. Uzito wako utajulikana ripoti ikifika.

Nitoe mfano, bila kumtaja mtu. Masika fulani niliitwa kuangalia mchele, magunia ya kilo 50, safu ya chini yote imeloa na imeanza kuvunda. Mwenye mzigo anadai kontena lilikuwa na tundu, maji ya bahari yakaingia njiani. Kwa jambo hilo tunabeba chupa ndogo ya silva naitreti. Unadondosha matone palipoloa. Yakigeuka meupe kama maziwa, kuna chumvi, na dai la bahari lina miguu. Siku ile yalibaki maangavu. Kwa hiyo yalikuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Chupa haikwambii yametoka wapi. Huenda ni jasho la kontena, maana hewa yenye unyevu ikipoa usiku hugeuka matone darini yakadondokea mzigo. Ila jasho huloesha magunia ya juu, na hapa yaliyoloa ni ya chini.

Msimamizi wa stoo alikuwa na maneno mengi. Alinieleza habari za lile tundu kabla sijauliza, akanieleza tena kwa kina, akaongeza meli ilichelewa, akaongeza kuwa hata mwenzake wa godauni la pili alipatwa na hayo hayo. Nikamwomba kalamu yake nikaandika. Uzoefu wangu ni kuwa mwenye ukweli hujibu akanyamaza, na mwenye wasiwasi hujibu kisha akaleta sababu. Lakini tahadhari: Mombasa hii wako watu wanaopenda maneno tu, hawana hatia yoyote. Maneno mengi ni dalili, si ushahidi. Columbo mwenyewe, pamoja na kumjua mtu wake tangu mwanzo, alilazimika kutafuta kitu cha kushika mkononi.

Nikatoka nje walikokaa mahamali wakinywa chai. "Kaka zangu, mzigo huu mliushusha kwa toroli au begani?"

"Begani, mama," mmoja akasema. "Vumbi! Tulipiga chafya mpaka magharibi."

Gunia lililoloa halitoi vumbi. Mzigo ulifika mkavu. Hakuna mtu aliyewauliza mahamali kabla yangu, na karibu kila mara ndivyo ilivyo. Anayejua ni aliyebeba, anayefagia, bawabu wa lango. Hapo Columbo ni mwalimu mkubwa. Anazungumza na mpishi, na mtunza bustani, na dereva, kwa adabu ile ile anayomwonyesha mwenye jumba.

Nikarudi ndani, nikaaga, nikafika mlangoni. "Samahani kaka, jambo moja tu. Hizi paleti zenu nzuri, mbao bado zinanukia. Mnanunua wapi? Zetu ofisini zimeoza."

Akachangamka. Alikuwa anaipenda stoo yake, na hakuna aliyewahi kumsifia. "Changamwe! Jumatatu hii hii tumezileta. Zile za zamani tumetupa."

Mvua iliyofurisha barabara za Shimanzi ilikuwa imenyesha wikiendi. Paleti zilikuwa kavu kabisa chini ya magunia yaliyoloa. Maana yake magunia yaliloa yakiwa sakafuni, kisha ndipo yakapandishwa. Niliandika hayo kwa kalamu yake, na nikaona jinsi alivyoitazama kalamu ikienda.

Hapa nataka vijana wanisikilize zaidi. Usishangilie. Columbo karibu hapigi kelele anapomaliza kazi. Mara nyingine anaonekana ana huzuni. Yule msimamizi alikaa juu ya gunia akaomba maji. Hakuwa mwizi. Alikuwa mwajiriwa anayeogopa kufukuzwa kwa kuacha mchele sakafuni msimu wa mvua. Nilimweleza nitaandika nini, mbele yake, ili asije akasoma kwa mara ya kwanza mikononi mwa bosi. Nikamwambia pia waangalie kama jengo lenyewe lina bima ya mafuriko, maana huko mlango ungeweza kuwa wazi. Mtu unayemsitiri leo utakutana naye tena mwaka ujao kwenye mzigo mwingine, na atakwambia ukweli mapema.

Kuna kipindi kimoja cha 1973 kinachoonyesha adabu hiyo kuliko vyote, na kina ushauri wa tatu ndani yake. Muuaji, aliyeigizwa na Donald Pleasence, ni mtengeneza mvinyo anayeipenda kazi yake kuliko watu. Amemuua ndugu yake wa baba mmoja kwa kumfungia katika ghala la mvinyo na kuzima mtambo wa ubaridi, kisha akasafiri. Columbo hajui chochote kuhusu mvinyo. Basi anajifunza, kwa bidii, mpaka anaweza kumkaribisha yule bwana hotelini na kumwekea mbele chupa iliyotoka katika ghala lake mwenyewe. Muuaji anaonja, anaghadhibika mbele ya watu: mvinyo huu umeharibika kwa joto! Ulimi wake wa kitaalamu ndio uliomshtaki, maana joto lile lilitokana na mtambo aliouzima. Na baada ya yote wanakaa garini pamoja, wakimaliza chupa ya kuagana, huku mtaalamu akimsifu luteni kuwa amejifunza vyema. (Bibi, ambaye mambo ya mvinyo hayakumpendeza, alinyanyua mbuzi yake akarudi jikoni, lakini alisimama ukumbini mpaka mwisho.)

Kwa hiyo jifunze kazi ya unayemuuliza. Mimi nimekaa na mafundi wa kuunganisha vyuma, waendesha kreni, wauza viungo wa Marikiti, ili nijue pilipili manga iliyoloa hunukaje na iliyochakachuliwa hunukaje. Mtu akiona unaijua lugha ya kazi yake kidogo, na unataka kuijua zaidi, atakufunza mengi kuliko uliyokuja kuyatafuta. Hili linafaa hata kwa daktari. Usiende ukamwambia ulichosoma kwenye simu. Mwambie, "Daktari, nieleze taratibu, nataka nikifika nyumbani niweze kumweleza mama." Atakaa upya kwenye kiti na kuanza tena mwanzo.

Sehemu ambazo mbinu hii haifai pia zipo. Sokoni Kongowea usijifanye hujui bei. Utauziwa nazi kwa bei ya kasa. Kwa fundi wa gari ni hivyo hivyo. Mtu ambaye faida yake inatokana na kutojua kwako hakufunzi, anakukamua, na kwake nenda umeshauliza watu wawili watatu kwanza. Na nyumbani, tafadhali, acha kabisa. Mume wangu akiniona nimesimama mlangoni nikageuka huku nimeinua kidole, huanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na hajibu kitu. Ndoa haiendeshwi kwa ukaguzi. Watoto nao ukiwavizia na swali la mlangoni mara mbili, la tatu watakuwa wamejiandaa kukushinda.

Kwa Falk miaka ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Alipatwa na ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2009 daktari alieleza mahakamani kwamba hali yake imefika mahali hamkumbuki tena hata Columbo. Wakati habari hiyo inatoka bibi alikuwa ameshatutangulia, na ami aliisoma gazetini akalikunja bila kusema neno. Mimi nilichofanya ni kutafuta kazi zake nyingine, ambazo hapa kwetu hazikufika na ami. Zinastahili. Filamu alizocheza na rafiki yake, mwongozaji John Cassavetes, ni nzito na zinachosha moyo, hazifai kutazamwa usiku ukiwa peke yako. Ile ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders ya 1987, iliyopigwa Berlin, anaigiza humo akiwa yeye mwenyewe, Peter Falk mwigizaji wa Columbo, na inadhihirika kwamba zamani alikuwa malaika. Mwaka huo huo aliigiza babu anayemsomea hadithi mjukuu wake mgonjwa, na wanangu wanaijua hiyo kwa moyo.

Kwa Columbo mwenyewe, usianze na vipindi vya miaka ya 90. Si vibaya, lakini vimerefushwa na Falk humo anamwigiza Columbo kwa kujua kwamba watu wanampenda, jambo ambalo halimfai mtu wa koti lile. Anza na cha Septemba 1971 kilichofungua mfululizo, kilichoongozwa na kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg. Kisha nenda kwenye kile cha mvinyo. Kisha cha 1974 ambacho muuaji wake ni Johnny Cash, mwimbaji, na utaona luteni anavyompenda kwa dhati mtu anayemkamata. Kila kimoja ni zaidi ya saa moja, basi jiandae na bando la kutosha. Vijana wangu nimewaambia watazame bila maandishi ya chini kwa dakika kumi za mwanzo, wafuate mikono na macho tu, na siku ya pili waniambie wameelewa nini. Anayeleta jibu refu namrudisha akatazame tena.